Biashara ya Ndugu Yataka Daftari

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatukataza riba. Sala na salamu zimfikie bwana wetu Muhammad, aliyefanya biashara kabla ya kupewa Utume na akajulikana kwa watu wa Makka kwa jina la Mwaminifu, na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi alisimama mtu mmoja akauliza swali ambalo naona si lake peke yake. Alisema: "Sheikh, mke wangu hupika mahamri na mbaazi akauza mlangoni. Mwanangu amemaliza skuli, huu ni mwaka wa pili yuko barazani. Dada yangu ana akiba kidogo, na mama ana bangili zake. Nimetaka tukusanye tulicho nacho tufungue duka. Lakini marehemu baba aliniusia nisifanye biashara na ndugu. Je, niufuate wasia huo?"

Swali hili lataka jawabu ya utulivu, kwani neno hilo la kuwa biashara na ndugu haifai limeenea katika miji yetu ya pwani mpaka limekuwa kama hadithi sahihi. Limefunga milango mingi ya riziki. Kila mtu ana kijifedha chake kisichotosha kitu, huyu azungusha vitafunio, yule ashona kofia, yule ana shilingi elfu kumi alizozificha kabatini, na wote wa nyumba moja, wala hakuna aliyethubutu kumwambia mwenziwe, "Njoo tutie pamoja." Kisha twakaa barazani tukilalamika kuwa maduka ya mji yametutoka mikononi, na wengine huenda kutafuta azima ya kuvuta wateja, wakaiangika juu ya mlango wa duka lisilokuwa na mzigo ndani. Hayo ni maovu juu ya ujinga. Mteja huvutwa na bidhaa njema, mizani ya haki na uso mkunjufu.

Kwanza na tuitazame biashara yenyewe. Alipohamia Madina, Abdulrahman bin Auf hakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) alimfunga udugu na Saad bin Rabii, na Saad alikuwa tajiri, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda akauza na kununua, akarudi na jibini na samli, na haukupita muda mrefu akawa na mali ya kuolea. Tazameni basi: mtu amepewa nusu ya mali bure, naye ataka njia ya sokoni! Na Mama Khadija (r.a.) alikuwa akitoa rasilimali yake, watu wakisafiri nayo kwa fungu la faida, na Mtume wetu mwenyewe aliipeleka mali yake mpaka Sham akarudi na faida iliyozidi. Basi mwanamke kutoa fedha na mwanamume kutoa kazi si jambo geni lililozuliwa leo. Ni jambo lililokuwako Makka kabla ya wahyi.

Wala mababu zetu wa pwani hii hawakuwa wajinga wa kushirikiana. Katika majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, mabaharia hawakulipwa mshahara wa mwezi. Pato la safari lilifanywa mafungu: mwenye chombo ana lake, nahodha ana lake, na baharia ana lake, na mtu alipoingia chomboni alijua atapata fungu la namna gani. Sisi wajukuu wao twafungua duka mwaka mzima bila ya kujua fungu la nani ni lipi.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Nami sitawahadithia ugonjwa huu kwa kitabu tu, kwani nimelelewa ndani yake.

Baba yangu na ami yangu, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, walikuwa na duka la mchele na bizari. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, na fedha za mzigo wa kwanza zilitoka mfukoni mwake. Ami ndiye aliyekaa dukani, tangu alfajiri mpaka Isha, kwa miaka kumi na saba. Nyumba zote mbili zilikula hapo. Mama akituma mtoto na kikapu, kikarudi kimejaa, wala hapakuwa na kuandika. Watu wakitusifu: "Tazameni ndugu wanavyopendana!" Na ni kweli walipendana.

Baba akafariki mwaka 1994, nami ni kijana wa miaka kumi na mitano. Baada ya eda, mama alisema duka ni la marehemu, kwani mtaji ulikuwa wake, na mayatima wana haki humo. Ami akasema fedha zile zilikuwa mkopo, na kwamba ameshazirudisha kidogo kidogo kwa miaka yote ile, na duka ni jasho lake. Wazee walikaa mara tatu. Kila mmoja akaapa. Nami leo, baada ya kusoma nilichosoma, nawaambieni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alisema alivyofahamu. Ikiwa zile fedha zilikuwa mkopo, baba hana ila mtaji wake, na duka ni la ami. Ikiwa zilikuwa kiradhi, yaani mmoja atoa mali na mwenziwe atoa kazi, basi warithi wa baba wana mtaji na fungu la faida. Na ikiwa zilikuwa sharika, kuna hisabu nyengine. Hukumu hizi ni mbalimbali kabisa, na mtu wa kutuambia ni ipi alikuwa ameshazikwa. Hapakuwa na kijikaratasi kimoja.

Wazee wakagawanya kwa kukisia. Hapakupita miaka miwili duka likafungwa. Nami, kwa kumwonea uchungu mama yangu, nikaacha kumtolea ami yangu salamu. Nilikuwa nikienda chuoni nikisoma hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, kisha nikitoka nikapita mlangoni kwa ami nimegeuza uso. Mambo hayo yaliendelea kwa miaka kumi na moja. Alipofariki niliitwa kumwosha. Nilimwosha kwa mikono yangu hii, na salamu niliyomnyima sikuwa na njia ya kumpa. Naandika haya si kwa fahari bali kwa aibu, ili aliye na ami yake hai ajue.

Basi yule aliyemuusia mwanawe asifanye biashara na ndugu, huenda yeye naye aliona kama niliyoyaona mimi. Lakini dawa aliyoitoa si yake. Mtu akiumwa na jino husafishwa jino, hakatazwi kula. Lililoharibu duka la baba yangu si undugu. Liliharibiwa na kuona haya kuandikiana.

Na Mwenyezi Mungu ametufundisha jambo hili kwa urefu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Surat al-Baqarah, haikushuka kueleza Pepo wala Moto. Yaeleza namna ya kuandika deni. Imeamrisha liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aseme yaandikwe yapi, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Kisha yatupa sababu: kufanya hivyo ni uadilifu zaidi, ushahidi husimama imara, na shaka huwa mbali. Wanavyuoni wengi wamesema amri hii ni ya kupendekeza, si ya wajibu, nasi twakubali. Lakini je, ni busara Mola wako akupendekezee jambo kwa aya ya ukurasa mzima, nawe ulione ni ukosefu wa adabu? Na aya yenyewe yasema juu ya deni. Ikiwa deni la siku chache laandikwa, ushirika wa miaka una haki zaidi ya kuandikwa.

Mtu atasema: "Nitamwandikiaje ndugu yangu wa tumbo moja? Ina maana simwamini?" Twamjibu: aya haikumtoa ndugu. Wala maandishi hayawekwi kwa ajili ya mwizi peke yake. Yawekwa kwa ajili ya mwenye kusahau na kwa ajili ya mwenye kufa, na sote sisi ni wenye kusahau na wenye kufa. Na katika Surat Sad, aya ya 24, Nabii Daud (a.s.) alipoletewa kesi ya ndugu wawili na kondoo wao, alitaja kwamba washirika wengi hudhulumiana ila walioamini na kutenda mema, na hao ni wachache. Ikiwa Nabii ameona hivyo katika zama zake, sisi ni nani hata tujidai kuwa hatuna haja ya daftari? Wahenga wetu wa Kiswahili wamelifupisha: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwengine atasema: "Fedha nilizituma kwa simu, na ujumbe ninao." Ni vyema uuweke. Lakini ujumbe ule waonyesha fedha zimetoka kwa nani zikaenda kwa nani, wala hausemi zilikuwa zawadi, mkopo au rasilimali. Ugomvi wote uko katika hilo ambalo simu haikulisema.

Sasa na tuje kwenye kazi yenyewe, ili yule ndugu aliyeuliza aondoke na kitu mkononi. Tuseme nyumba moja imekusanya shilingi 100,000: mama ametoa 60,000, kaka mkubwa 30,000, na dada aliyeolewa 10,000. Mdogo wao hana fedha, ana mikono yake. Kabla ya kununua hata gunia moja, wakae waulizane maswali manne.

La kwanza: fedha hizi ni nini? Ikiwa mama ametoa kwa mkopo, atarudishiwa 60,000 zake na hana zaidi. Ikiwa ametoa kwa ushirika, ana faida na ana hasara. Jambo lisilofaa, nalo limeenea, ni mama kuahidiwa, "Kila mwezi tutakupa elfu tatu, duka lipate lisipate." Sharti hiyo yaharibu ushirika, na ikiwa fedha zake ni deni, basi ziada hiyo iliyoshurutishwa ni riba yenyewe, ijapokuwa imetoka kwa mwana kwenda kwa mama. Faida hutajwa kwa fungu, kama nusu au thuluthi, wala haitajwi kwa kiwango kilichokatwa mbele.

La pili: anayefanya kazi atalipwa nini? Hapa ndipo vijana wetu wanapodhulumiwa, na wanapodhulumu. Kijana akaa dukani kwa baba miaka ishirini, hana mshahara wala fungu, huambiwa tu, "Hili duka ni lako." Baba akifariki, ndugu wote huja na haki yao ya mirathi, nao ni wakweli, na yule kijana huona ameporwa maisha yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli iliyotegemewa ni kwamba mwenye kufanya kazi bila ya kutajiwa ujira hana ujira wa kudai. Basi mtajieni! Ama awe mwajiriwa kwa ujira unaojulikana, utolewe kwanza kabla ya kuhisabu faida. Ama iwe kiradhi, apate fungu la faida. Tuseme wamekubaliana nusu. Mwaka ukiisha na faida ni 40,000, mdogo ana 20,000. Na 20,000 zilizobaki zaenda kwa kadiri ya mitaji, mama 12,000, kaka 6,000, dada 2,000. Wakipata hasara ya 10,000 bila ya mdogo kufanya khiana wala uzembe, hasara ni ya wenye mali: mama 6,000, kaka 3,000, dada 1,000, naye mdogo amepoteza jasho lake, na hilo lamtosha.

La tatu: nyumba itakula vipi dukani? Mchele mmoja wa leo, sukari moja ya kesho, na wifi aliyetuma mtoto, ndivyo vinavyoangusha maduka madogo kuliko uchache wa wateja. Sisemi ndugu asile. Nasema anachochukua kiandikwe kwa jina lake, na mwisho wa mwezi akilipe au kikatwe katika fungu lake. Na fedha ya kwenye mtoto wa meza si ya aliye karibu nayo. Ni amana ya watu wanne.

La nne: mmoja wetu akifa itakuwaje? Swali hili watu hulikimbia, nalo ndilo kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imewapa makadhi hukumu za hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Ugomvi wa biashara baina ya walio hai haumo. Basi aghalabu kesi ya duka la ndugu humfikia kadhi pale mmoja wao anapokuwa amekufa, na kadhi hugawanya kilichothibiti kuwa ni cha marehemu, baada ya madeni na wasia. Atajuaje kilicho chake? Bila ya maandishi, ima fungu la ndugu aliye hai litaingia katika mirathi, ima haki ya mayatima itabaki dukani. Na mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma mwajua katika Surat an-Nisaa alivyoonywa.

Hapa nasema neno juu ya mama zetu na dada zetu. Bangili ya mwanamke ni mali yake. Mumewe hana haki nayo, wala mwanawe, ila kwa ridhaa yake. Akiitoa ikauzwa, jina lake liandikwe juu ya mstari wa kwanza wa daftari, wala isisemwe baadaye, "Mama alitusaidia." Kadhalika mwenye kupika mahamri alfajiri ndiye mwenye kazi, na kazi yake ina thamani. Nimeona nyumba ambapo mwanamke ndiye aliyeinua biashara, na ilipokua akaambiwa arudi jikoni, hana fungu wala shukrani. Huo si Uislamu. Katika Surat an-Nisaa hiyo hiyo, aya ya 32, wanaume wamewekewa fungu katika walichokichuma, na wanawake wamewekewa lao.

Ama mtaji, msiutafute kwa mkopo wa riba, na yule akupaye leo kwa simu akadai ziada baada ya mwezi mmoja hana tofauti na mla riba wa zamani, ila huyu haonekani uso. Tazameni kwanza mnachokitumia wenyewe. Arusi zetu za siku nyingi, mapambo ya jukwaa na nguo za sare za usiku mmoja huondoka na fedha ambazo zingefungua duka, likawalisha bwana na bi arusi mpaka wazae. Punguzeni usiku mmoja tu wa sherehe, mpate mtaji bila ya kudaiwa na mtu.

Wala msingoje kuwa na duka kubwa. Anzeni na kile ambacho nyumba yenu yakijua: mahamri na mbaazi, achari za maembe, mabuyu, kushona kanzu, nazi za kukuna kutoka Kongowea. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mtu kuchukua kamba akabeba kuni mgongoni akauza ni bora kwake kuliko kuomba watu. Pimeni kwa haki, semeni aibu ya bidhaa kabla ya mnunuzi kuiona, na kila mwaka hisabuni mali ya biashara. Ikifika kiwango cha zaka, toeni fungu moja katika arubaini. Mali isiyohisabiwa haijulikani zaka yake, na hiyo nayo ni sababu ya daftari.

Kwa ndugu yetu aliyeuliza, jawabu langu ni hili. Muombee baba yako rehema, kwani alikutakia kheri, lakini ushirika wa halali usiuache. Usiku huu baada ya Isha, muite mama yako, dada yako, mkeo na mwanao. Nunua daftari la mtoto wa skuli, latosha. Andikeni nani ametoa nini, ni ya nini, nani atafanya kazi na kwa fungu gani. Kila mmoja atie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole. Leteni mashahidi wawili waadilifu, na nakala moja muiweke kwa mtu wa nje mnayemwamini. Kisha someni dua, mnywe kahawa, na asubuhi mfungue mlango. Na ikiwa tayari mna duka la miaka mingi lisilo na maandishi, basi haraka yenu iwe zaidi, maadamu wote mko hai na kila mmoja aweza kusema kwa ulimi wake.

Imepokewa kutoka kwa Mtume wetu (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu yuko pamoja na washirika wawili maadamu mmoja hakumfanyia khiana mwenziwe, na khiana ikiingia, hujitoa kati yao. Twamuomba asijitoe katika maduka yetu wala katika nyumba zetu, atujaalie riziki ya halali, awaunganishe ndugu waliohamana kabla mauti hayajawatenganisha, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.